Anza na clamantis, usianze na clamans

Nilipoanza Kilatini seminarini, nilikariri patisipio, yaani umbo la kitenzi linalofanya kazi ya kivumishi, kwa umbo lake la kwanza pekee: amans, clamans, audiens. Kwa muhula mzima nilikuwa nakosea, kwa kuwa umbo hilo huficha shina. Shina hujitokeza katika jenitivo, umbo la umiliki: amantis, clamantis, audientis. Asiyelijua jenitivo hawezi kukisia kwamba iens, “aendaye”, hugeuka kuwa euntis. Kwa hiyo nawasihi wanaoanza wakariri maumbo yote mawili kwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Mfano ninaoupenda ni vox clamantis in deserto, ambao wasomaji wa Biblia wanaufahamu kama “sauti ya mtu aliaye nyikani”. Katika Kilatini hakuna neno “mtu” hapo. Clamantis, kwa kiishio chake -is, imebeba “ya mtu aliaye” peke yake.

Kilichonisumbua zaidi ni upatanisho. Nilidhani kwamba maneno yanayopatana ni lazima yafanane mwishoni, na mara nyingi niliandika puellam clamantam badala ya puellam clamantem, “msichana aliaye” akiwa mtendwa. Nilielewa siku nilipoitazama lugha yangu mwenyewe: katika “mtoto analia”, m- na a- hazifanani hata kidogo, ilhali zinapatana kikamilifu. Vivyo hivyo, patisipio ya wakati uliopo, kama clamans, hufuata daima kundi la tatu la viishio vya Kilatini, hata nomino yake, kama puella, ikiwa ya kundi la kwanza. Patisipio ya wakati uliopita, amatus, amata, amatum, na ya wakati ujao, amaturus, hubadilika kama kivumishi bonus, nazo hazihitaji maelezo marefu.

Panapohitaji uangalifu ni ablativo, umbo linaloeleza namna au hali ya tendo, katika umoja wa amans na wenzake. Ikibaki na nguvu ya kitenzi huishia kwa -e, kama katika Deo volente. Ikiwa kivumishi tu huishia kwa -i, kama katika ardenti amore, “kwa pendo liwakalo”. Katika wingi, jenitivo huwa amantium, kwa -ium. Na unapotafsiri Deo volente, usitafute “Mungu apendaye”. Tumia -ki- yetu, useme “Mungu akipenda”, kwa sababu hapo patisipio inaeleza hali ambayo tendo kuu litafanyika ndani yake.