Mashine haitii maziwa

*Mwalimu wa skuli, Fuoni: Likizo imekwisha, nakamua mililita 60 tu. Maziwa yanakauka. Ninunue mashine ya kukamulia kubwa zaidi?*

Mwanangu, hayajakauka. Kinachoingia kwenye chupa si kipimo cha kilichomo titini, na mililita 60 kwa matiti mawili, kwa mama anayenyonyesha, ni kawaida kabisa. Ila umeniandikia kuwa unatoka saa moja asubuhi, unarudi saa tisa, na unakamua mara moja tu. Hapo ndipo penye shida. Titi likikaa limejaa, mwili hupunguza kazi. Kamua kila baada ya saa tatu, dakika 15 hadi 20. Ukibanwa, hata dakika kumi usiziwache. Usiku mnyonyeshe, ndio wakati prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, inapopanda. Na akitokea wa kukwambia umpe mtoto maziwa ya kopo usiku ili ulale, mwambie akukamulie yeye.

Kabla ya kutoa pesa, tazama faneli, kile kikombe cha mashine kinachokaa juu ya titi. Boksini mara nyingi huja ya milimita 24, na wewe pengine chuchu yako ni 17. Alinijia mzazi mmoja chuchu imevimba, ina duara jeupe kama iliyofungwa uzi. Tulibadilisha faneli, mashine ni ile ile. Chuchu iende na kurudi bila ya kusuguana, na weusi wa titi usivutwe ndani.

*Sokoni Darajani nimeona mashine ile ya mpira kama honi ya baiskeli, rahisi. Niichukue?*

Iwache. Maziwa hurudi ndani ya mpira na hausafishiki. Kukamua kwa mkono wako ni bure.

*Wifi yangu kanipa yake ya umeme. Nichemshe tu? (Chake Chake)*

Utachemsha mota? Kama maziwa yanaweza kupenya mpaka kwenye mashine, mrudishie na umshukuru. Kama ina kizuizi, nunua faneli, vali (kile kijipande laini kinachoshika mvuto) na mipira ya kupitishia hewa yako mwenyewe. Vali ikichoka mvuto hupungua, halafu mnaniandikia kuwa maziwa yamekauka.

*Mkwe anasema uji wa pilipili manga unaongeza maziwa.*

Kunywa, ni mtamu. Halafu kamua.

*Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa muda gani?*

Swali hili tena! Nje, muda wa saa nne, kwa joto lisilozidi nyuzi 25. Friji, siku nne. Friza, miezi sita ndiyo bora. Sasa nioneshe hizo nyuzi 25 Unguja mwezi wa Februari, chini ya bati. Nje basi usiyaweke, chukua kidumu chenye barafu. Umeme ukikatika usifungue friza ovyo, na yaliyoyeyuka yote usiyagandishe tena.

Na friji ya ofisini, andika jina na tarehe kwenye kila chupa. Mtoto wa mwenzio akinywa yako, suala la udugu wa kunyonya mpelekeeni shekhe, msiniandikie mimi.