Kabla ya kumpeleka mzee Huduma Centre, soma jina lake

Kama una mzee wa miaka 70 au zaidi ambaye hajaingia Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa wazee pesa kila mwezi, usianzie kwenye foleni. Anzia nyumbani. Toa kitambulisho chake, usajili wake wa SHA (bima ya afya ya serikali) na laini ya simu, kisha ulinganishe majina herufi kwa herufi.

Hapo ndipo tulipokwama na nyanya mmoja jirani yetu Kawangware. Jina lake la tatu lilikuwa limeruka herufi, na laini ilisajiliwa kwa jina la mjukuu. Ofisi moja ikatutuma kwa nyingine, nayo ikaturudisha. Kitambulisho ni mambo ya Wizara ya Usalama wa Ndani, zile shilingi 2,000 za Inua Jamii za kila mwezi ziko Wizara ya Leba, matibabu ni ya Wizara ya Afya. Kila wizara ina mkubwa wake na rejista yake. Huduma Centre, zinazoweka huduma za ofisi nyingi za serikali mahali pamoja, zilipoanza 2013 zilituokolea nauli, lakini usitarajie afisa wa dirisha la tano ajue ulichoambiwa kwenye dirisha la pili.

Uingereza, mwaka 1997, serikali ya Tony Blair iliunda kitengo maalum cha kuzikutanisha wizara kuhusu watu waliotengwa. Hapa mtaani, tarishi wa kuzikutanisha ofisi ni wewe. Ukiambiwa "nenda ofisi ile", usitoke mikono mitupu: omba kikaratasi chenye muhuri, jina na cheo cha aliyekutuma. Bila hicho utaulizwa, "Nani amesema?"

Vijana wa Nairobi humdharau chifu, lakini barua yake ndiyo inayothibitisha kwamba mzee yupo na anaishi hapo. Mtafute pia mhudumu wa afya wa jamii, anayepita ploti kwa ploti na kujua nani hajatoka kitandani wiki nzima. Posho yake hulipwa nusu na serikali kuu, nusu na kaunti. Labda ndiyo maana huongea na pande zote bila kuringa.

Mzee akiwa na ulemavu, tathmini ya hospitali ya serikali hutangulia, ndipo usajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Uandikishaji wa Inua Jamii huja kwa misimu, na tangazo hupitia kwa chifu na mzee wa Nyumba Kumi. Weka namba zao. Msimu ukifika, hakikisha mzee mwenyewe yuko Nairobi, maana wengi huitwa wakiwa ushago.