Virusi kutoonekana kwenye kipimo si kupona

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 68 na anatumia ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU), mwaka wa tisa sasa. Majibu yake ya mwisho yanasema virusi havionekani. Mtu aliyemuuzia dawa ya mitishamba miezi mitatu iliyopita anadai hiyo ni kazi ya dawa yake, kwamba baba amepona na aache vidonge kwa sababu ndivyo vinavyomchosha. Baba ana kisukari pia, na dawa zimekuwa nyingi. Je, aache?

JIBU: Asiache, hata kwa siku moja.

Barua za namna hii nazipokea kila mara, na kila mara damu hunichemka. Huyo muuzaji anavuna shamba asilolima. Miaka tisa ya vidonge ndiyo iliyofubaza virusi, yeye akaja na chupa miezi mitatu kabla ya majibu. Kipimo cha wingi wa virusi huhesabu vile vilivyomo kwenye damu. Vilivyolala ndani ya seli za kinga havihesabiwi, na ARV haziwezi kuviua humo. Vidonge vikisimama, kwa wengi virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, na mwanzoni mgonjwa hahisi chochote. Ndiyo maana anaamini kapona.

Niliwahi kumpokea mama mmoja wa makamo aliyekuja na karatasi ya "havionekani" imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa ameacha dawa miezi minane. CD4 zake, yaani seli za kinga, zilikuwa chini ya 100, na mdomo umejaa utando mweupe wa fangasi hata kumeza mate ni shida. Kwa umri ule kinga hupanda polepole mno kuliko kwa kijana.

Uchovu wa baba usipuuzwe, lakini utafutiwe chanzo. Apimwe sukari, damu na figo. Mpelekeeni daktari wake dawa zote, pamoja na hiyo chupa. Kama anatumia dolutegravir, mojawapo ya ARV, huongeza mwilini kiwango cha metformini, dawa ya kisukari, hivyo huenda dozi ya kisukari ikahitaji kupunguzwa. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini nazo huizuia dolutegravir isifyonzwe vizuri. Dolutegravir ainywe saa mbili kabla ya dawa hizo za kiungulia au saa sita baada yake. Mitishamba mingine hushusha kabisa nguvu ya ARV, na muuzaji hatakuambia kilichomo.

Nawaambia na wengine wenye wazazi: wapo wazee wengi ambao hawajapimwa kabisa, kwa sababu hata sisi wahudumu huona aibu kuwauliza habari za kitandani. Mzee akikonda, akisahausahau, akipata mkanda wa jeshi, tunasema ni uzee. Mkiwa naye kliniki, ombeni kipimo cha VVU wenyewe, msingoje tukitaje sisi.