Mguu wa hasi ndio utakaokutoa jasho

Mazabodi yangu ya kwanza, yaani bodi kuu ya kompyuta, niliiua kwa haraka zangu mwenyewe. Ilikuwa ya mama mmoja wa Temeke mwenye kibanda cha kutoa kopi. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi. Ukiizima na kuiwasha mara tano, inakubali. Nikaifungua. Kapasita nne, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, kando ya prosesa zimevimba kichwani kama maandazi, moja imetoa ute wa kahawia. Nikapasha moto pasi ya kuchomelea ya wati 30, nikagusa miguu, nikavuta kwa nguvu. Kapasita ikatoka kweli, lakini mguu mmoja ulikuja na pete ya shaba ya ndani ya tundu. Bodi ikafia hapo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukitaka kujifunza kubadilisha kapasita, usianzie kwenye mali ya mtu. Omba bodi mfu kwa mafundi wa Kariakoo, toa kapasita kumi na uzirudishe, mpaka mkono uzoee.

Utagundua mguu wa chanya mara nyingi unatoka bila shida, ila wa hasi unagoma. Huo umeungwa na tabaka pana la shaba lililolala katikati ya bodi, na shaba hiyo inakunywa joto lote la pasi yako. Tumia pasi ya wati 60 yenye ncha bapa. Kisha fanya jambo linaloonekana la kijinga: kabla ya kutoa risasi ya zamani inayoshika mguu kwenye bodi, ongeza mpya. Sisi mafundi tunaiita risasi hata ile ya kiwandani ambayo siku hizi haina risasi ndani yake hata chembe, na ndiyo maana ni ngumu: inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, wakati ile ya kizamani yenye bati na risasi inalegea kwenye 183. Ukizichanganya, ngumu inalainika. Yeyusha mguu mmoja, inamisha kapasita kidogo, hamia wa pili, rudi wa kwanza. Isiposogea, ongeza joto, usiongeze nguvu. Tundu likiziba, lipashe moto upande mmoja na upenyeze kijiti cha meno upande wa pili. Mti haushiki risasi.

Dukani usiseme tu "nipe kapasita." Soma ya zamani: tuseme 1500µF (maikrofaradi, ndio uwezo wake), volti 6.3. Uwezo uwe uleule, volti zilezile au zaidi kidogo, na unene utoshee nafasi. Sema unataka za mazabodi, zenye ukinzani mdogo wa ndani, na uangalie zimeandikwa 105°C. Muuzaji akikupa za 85 akasema "zote sawa tu," rudisha. Kapasita ya namna hii, yenye maji ndani, inaishi takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 unazoipunguzia, na wewe unajua Januari ya Dar ilivyo, tena feni ikiwa imejaa vumbi. Za kuchomoa kwenye bodi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziache kabisa. Nyingi za wakati ule zilitiwa maji mabovu tangu kiwandani.

Piga picha kabla ya kuchomoa chochote. Mstari kwenye kopo ni hasi, hilo halibadiliki, lakini nusu duara iliyopakwa rangi kwenye bodi huwa hasi kwa watengenezaji wengi na chanya kwa wachache. Ukigeuza, kopo linapasuka mbele ya uso wako.

Pawasaplai, kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme, usiifungue. Ndani mna zaidi ya volti 300, na zinabaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Yule mama nilimnunulia bodi nyingine ya mtumba. Nafika nyumbani, naigeuza kwenye mwanga: kapasita mbili zimevimba. Nilizibadilisha usiku uleule, kwa muda wa saa mbili nzima, kijiti cha meno mdomoni.