Maswali ya Wasomaji: Chuo Kikuu Kinamwandaaje Mwalimu na Mwanasaikolojia wa Shule?

Barua tulizozipokea safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa ualimu, wanafunzi wa saikolojia na mhadhiri mmoja, na karibu zote zinagusa jambo lilelile, yaani uhusiano kati ya kinachosomwa chuo kikuu na mtoto aliyeketi darasani. Nimezifupisha kidogo bila kugeuza maana.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa pili wa shahada ya ualimu. Muhula uliopita tulisoma nadharia za wanasaikolojia Piaget, Vygotsky na Skinner kuhusu jinsi mtu anavyojifunza, nikazikariri na nikafaulu vizuri. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha sikuona mahali pa kuzitumia, na walimu wazoefu niliowakuta waliniambia mambo hayo niyaache chuoni. Je, masomo haya yana kazi gani?

JIBU: Marahaba. Walimu hao hawakukusudia kukupotosha. Wamewaona vijana wengi wakiingia shuleni na majina ya wanazuoni vichwani, huku wakishindwa kueleza kwa nini mwanafunzi aliye mbele yao amekosa hesabu. Hata hivyo, kasoro iko katika namna mlivyotahiniwa, si katika nadharia zenyewe. Mtihani unaokutaka utaje hatua nne za ukuaji wa fikra kwa mujibu wa Piaget hupima kumbukumbu yako tu, na kumbukumbu hiyo haikusaidii unapokuwa na chaki mkononi.

Tazama Piaget mwenyewe alivyofanya kazi. Humwonyesha mtoto wa miaka minne au mitano glasi mbili zinazofanana, zenye maji sawa, na mtoto akikubali kwamba ni sawa, maji ya glasi moja humiminwa mbele ya macho yake katika chombo chembamba na kirefu. Watoto wengi wa umri huo husema kwamba sasa chombo kirefu kina maji mengi zaidi. Badala ya kuandika alama ya kosa na kwenda zake, Piaget aliuliza: “Kwa nini unasema hivyo?” Alilichukulia jibu lisilo sahihi kuwa ni habari kuhusu namna mtoto anavyofikiri, na hilo ndilo jambo ambalo mwalimu anapaswa kulirithi kutoka kwake.

Mwanafunzi wako anapoandika kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4, huenda hakosi umakini hata kidogo. Anajua kwamba 8 ni kubwa kuliko 4, na kanuni hiyo imemfaa tangu alipoanza kuhesabu. Piaget anakufanya uulize anafikiri nini. Vygotsky anakufanya uulize ni umbali gani uliopo kati ya anachoweza peke yake na anachoweza akisaidiwa na mtu anayejua zaidi, na kwa hiyo ni msaada gani umpe leo na upi uuondoe kesho. Skinner anakufanya uangalie kinachofuata baada ya mtoto kujibu, kwa kuwa kama kila jibu lake hufuatiwa na kicheko cha wenzake, ataacha kunyoosha mkono hata siku anapojua. Hayo ni maswali matatu juu ya mtoto mmoja na kosa moja, na hakuna hata moja linalokutaka umtaje mwanazuoni mbele ya darasa.

Tahadhari pia inahitajika. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba watoto mara nyingi huweza mambo mapema kuliko Piaget alivyodhani, hasa swali likiulizwa kwa lugha na vitu wanavyovifahamu. Kwa hiyo usizigeuze zile hatua kuwa kalenda. Kuna pia mafundisho yanayopendwa sana vyuoni ambayo ushahidi wake ni dhaifu. Dai kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, wa kuona au wa kusikia, na kwamba atafaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo huo, lilichunguzwa na Harold Pashler na wenzake katika mapitio ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2008, nao hawakupata ushahidi wa kutosha wa kulitegemeza darasani. Mhadhiri akikufundisha dai lolote kuhusu watoto, una haki ya kumwuliza kwa adabu lilipimwaje.

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili katika saikolojia ya shule. Nilikuja kwa sababu napenda kuwasaidia watoto, lakini kila muhula nakutana na takwimu na nadharia ya upimaji. Je, kweli mtu hawezi kuwa mwanasaikolojia mzuri bila hesabu hizi?

JIBU: Hawezi, nami nalisema hili kwa sababu ya upendo uleule uliokuleta kwenye kozi. Mwanasaikolojia wa shule huandika ripoti inayoweza kumhamisha mtoto darasa, kumpatia msaada au kumnyima, na mara nyingi katika ripoti hiyo huwamo namba ambayo wazazi na walimu huiamini kuliko maelezo yote yaliyoizunguka.

Chukua jaribio la uwezo wa akili ambalo wastani wake ni 100 na mtawanyiko sanifu wa alama zake, yaani umbali wa kawaida wa alama za watu kutoka kwenye wastani, ni 15, kama yalivyo mengi yanayotumika. Mtoto amepata 88. Iwapo kiwango cha kuaminika cha jaribio hilo (yaani linavyotoa matokeo yaleyale likirudiwa, ambapo 1 ni ukamilifu) ni 0.90, hitilafu ya kipimo, yaani kiasi ambacho alama huyumba kwa bahati tu, itakuwa takriban alama 4.7, na ukitaka uhakika wa asilimia 95 itakubidi uandike kwamba alama yake ya kweli inakadiriwa kuwa kati ya 79 na 97. Sasa tuseme shule imeweka mpaka wa 85 kwa huduma fulani. Anayeona 88 peke yake atasema mtoto amevuka. Anayejua hitilafu ya kipimo atasema jaribio hili pekee haliwezi kuamua, na ataomba daftari za mtoto, maoni ya mwalimu, mazungumzo na mzazi na muda wa kumwangalia darasani. Hesabu hiyo ya mistari mitatu ndiyo inayomlinda mtoto.

Historia ya fani hii inatuonya vilevile. Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji mafunzo ya pekee, na Binet alipinga wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika. Wengine waliochukua kipimo hicho baadaye walikitumia kupanga watu kwa madaraja ya kudumu, kinyume na alivyokusudia. Kwa hiyo unapojifunza uhalali wa jaribio, yaani kama linapima kile linachodai kupima, uliza kila mara: halali kwa kazi gani, na kwa watoto gani? Mtoto anayepimwa kwa lugha asiyoizungumza nyumbani anaweza kupata alama ya chini inayoonyesha lugha yake tu, na ripoti isiyolitaja jambo hilo inamdhulumu, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.

SWALI: Je, mshauri nasaha wa shule na mwanasaikolojia wa shule ni kitu kimoja? Nina shahada ya kwanza ya saikolojia na ningependa kufanya kazi hiyo.

JIBU: Hapana, ingawa kazi zao hukutana. Mshauri nasaha hushughulika zaidi na mwongozo wa wanafunzi wote, uchaguzi wa masomo na taaluma, na mazungumzo ya msaada. Mwanasaikolojia wa shule huongezewa upimaji wa kitaalamu, uchunguzi wa matatizo ya kujifunza na tabia, na ushauri kwa walimu na wazazi. Masharti hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, hivyo anza kwa kuuliza chombo kinachosajili taaluma hiyo unakotaka kufanya kazi. Ili upate picha ya uzito wake, viwango vya chama cha taaluma hiyo Marekani hudai masomo ya baada ya shahada ya kwanza yasiyopungua saa 60 za masomo zinazohesabiwa na chuo (credit hours), na mafunzo kazini ya saa 1,200, ambazo angalau 600 ziwe shuleni.

SWALI: Mimi ni mhadhiri katika kitivo cha elimu. Tunafundisha walimu upande mmoja na wanasaikolojia wa shule upande mwingine, na makundi haya hayakutani hadi yanapofika kazini, ambako mara nyingi hayaelewani. Ungependekeza kozi ya pamoja? Na kama ndiyo, ya nini hasa?

JIBU: Ningependekeza, Mhadhiri, tena ningeiweka mapema, kabla kila upande haujazoea msamiati wake. Na ningeijenga juu ya kazi moja: kumwangalia mtoto na kuandika unachokiona kabla hujakipa jina.

Inasikika kuwa kazi rahisi. Wape wanafunzi wako nusu saa darasani na utaona. Mwanafunzi wa ualimu atarudi ameandika “mtoto huyu ni mvivu”, na wa saikolojia ataandika “ana upungufu wa umakini”. Wote wawili wametoa hukumu, na hukumu ya pili haina ushahidi zaidi kuliko ya kwanza, ila imevaa maneno ya kitaalamu. Linganisha na maandishi kama haya:

“Saa 4:05 mwalimu anatoa maelekezo kwa mdomo, yenye hatua tatu. Wenzake wanaanza kazi. Mtoto anamtazama jirani, anafungua ukurasa uleule, anaandika tarehe, anaacha. Saa 4:09 anachonga penseli. Saa 4:12 mwalimu anaandika hatua ya kwanza ubaoni. Mtoto anaandika kwa dakika sita bila kusimama.”

Hapo pana kitu cha kufanyia kazi. Mtoto huyu ameweza kuendelea pale maelekezo yalipoonekana kwa macho. Huenda hasikii vizuri, huenda hawezi kuhifadhi hatua tatu kichwani kwa mara moja, huenda lugha ya kufundishia bado ni ngeni kwake. Mwalimu anaweza kuandika maelekezo yote ubaoni kesho yake na kuona kama hali inabadilika, wakati mwanasaikolojia anapanga mtoto apimwe masikio na kuzungumza na mzazi. Kila mmoja ana sehemu yake, na hakuna aliyemsubiri mwenzake atoe jina la ugonjwa.

Ningewaweka wanafunzi wawili wawili, mmoja wa kila upande, wamwangalie mtoto mmoja katika nyakati tofauti, kwa ruhusa ya shule na ya mzazi, kila mmoja aandike peke yake, kisha walinganishe. Waandike kilichotangulia tendo, tendo lenyewe, na kilichofuata. Katika kusahihisha, ningepunguza alama kwa kila sifa ya hukumu isiyo na tukio linaloiunga mkono. Kisha wapendekeze jambo moja tu ambalo mwalimu mwenye darasa kubwa anaweza kulitekeleza wiki hiyohiyo. Mapendekezo kumi katika ripoti ndefu huishia kabatini, na hilo ndilo lalamiko la walimu dhidi ya wanasaikolojia ambalo nadhani lina haki kabisa.

Sehemu ya pili ya kozi iwe mazungumzo ya ushauri kati yao. Daktari wa magonjwa ya akili Gerald Caplan, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza ushauri ambao mtaalamu humsaidia mwalimu kulitatua tatizo, naye mwalimu hubaki na dhamana ya mwanafunzi wake. Mwanasaikolojia anayeingia darasani kama mkaguzi hupoteza ushirikiano siku ya kwanza. Na mwalimu anayempeleka mtoto kwa mtaalamu ili aondolewe mbele yake, naye hajajifunza kazi yake. Ushirikiano huu una umri sawa na fani yenyewe: mwanasaikolojia Lightner Witmer alipofungua kliniki yake ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1896, aliyemletea mtoto wa kwanza alikuwa mwalimu, aliyehangaishwa na mvulana aliyeshindwa tahajia, na uchunguzi ukaonyesha kwamba sehemu ya shida ilikuwa machoni.

Najua ratiba za idara mbili ni vigumu kuzioanisha, na kwamba mazoezi ya nje huangukia mihula tofauti. Anzeni na wiki chache ndani ya kozi zilizopo tayari. Hakuna haja ya kusubiri mtaala mpya upitishwe.

SWALI: Niko mazoezini shuleni kama mwanafunzi wa saikolojia. Mtoto mmoja alinieleza mambo ya nyumbani kwao. Mwalimu wake wa darasa aliniuliza amesema nini, nikakataa kumwambia, naye akakasirika na sasa hanisemeshi. Je, nilikosea?

JIBU: Kulinda siri ya mtoto ulifanya sawa, lakini kukataa tu hakutoshi. Kwanza pima kama katika aliyokueleza kuna dalili kwamba anadhuriwa, au yuko katika hatari ya kujidhuru au kumdhuru mwingine. Ikiwa ipo, jambo hilo si siri ya kukaa nayo: mweleze msimamizi wako leo hii, kwa utaratibu wa shule na sheria, wala usijichukulie uamuzi peke yako. Mipaka hii mtoto huambiwa mwanzoni mwa mazungumzo ya kwanza, kwa lugha anayoielewa. Kama hukumwambia, mwambie mnapokutana tena.

Ikiwa hakuna hatari, tofautisha simulizi ya mtoto na mahitaji yake darasani. Mwalimu hana haja ya kujua nani aligombana na nani nyumbani. Ana haja ya kujua kwamba mtoto analala vibaya siku hizi na kwamba ingefaa asiitwe kusoma kwa sauti kipindi cha kwanza. Mwulize mtoto kama unaweza kumweleza mwalimu hilo tu, na akikubali, mfuate mwalimu faraghani, umwambie: “Mwalimu, aliyoniambia siwezi kuyarudia, lakini kuna jambo moja ambalo ukimfanyia litamsaidia.” Kisha mwulize yeye ameona nini, kwa kuwa amekuwa na mtoto huyo kwa muda mrefu kuliko wewe, na uandike anachokujibu.