Wasomaji Wauliza: Mhasibu mchanga ajijengeeje jina mtandaoni?

SWALI: Kwako Mshauri, pokea salamu zangu. Nina umri wa miaka 25 na huu ni mwaka wangu wa pili katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu hapa Nairobi, ambapo kazi yangu kubwa ni kulinganisha madaftari ya wateja na taarifa zao za benki. Wenzangu niliosoma nao chuoni wamejulikana sana kwenye LinkedIn na X. Kila wiki wanaweka picha na maneno ya kutia moyo, na baadhi yao wameanza kualikwa kuzungumza katika semina. Mama yangu huniambia kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami naona haya kujisifu ilhali sijafika popote. Je, nianze kuandika, na nikianza niandike nini? — Mhasibu Mchanga, Embakasi

JIBU: Binti yangu, mama yako amesema kweli, lakini hata chema huanikwa mahali ambapo mnunuzi atakiona. Huhitaji kujisifu. Mtu anayetafuta wa kumkabidhi hesabu zake anataka mtu mwangalifu, asiyekurupuka, anayejua ujuzi wake unakomea wapi na anayejua kutunza siri, na sifa hizo huonekana katika namna unavyoandika kabla hata hujazitaja.

Anza na siri, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wa taaluma yako wanaweza kuharibikiwa. Soma mkataba wako wa kazi uone unasema nini kuhusu mitandao ya kijamii, kisha umweleze mkuu wako nia yako kabla hajaisikia kwa wengine. Kutunza siri ni mojawapo ya misingi mitano ya maadili ya wahasibu duniani, lakini siri ya mteja huvuja kwa njia ambazo mwandishi hakuzitarajia. Chukua mfano wa picha ya meza ya kazi, iliyopigwa usiku ili kuonyesha bidii: kikombe cha chai, kompyuta iliyo wazi, rundo la faili. Mtu akiikuza kwenye simu yake anasoma jina la mteja ubavuni mwa faili na mishahara ya wafanyakazi kwenye skrini. Mishahara hiyo ni data ya kibinafsi inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na ikiwa mteja ameorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kudokeza matokeo yake kabla hayajatangazwa kunaweza kukufikisha mahakamani. Nakusihi usitaje hata jina la mteja mnayemkagua wiki hii.

Utaandika nini basi? Andika juu ya yale yaliyo wazi kwa kila mtu lakini ambayo wachache wanayaelewa. Benki zetu hutangaza hesabu zao kila robo ya mwaka, na karibu kila mwaka huja Sheria ya Fedha ambayo wafanyabiashara wa Gikomba na Kariobangi huisikia redioni bila kujua itawagusa vipi. Mathalani, tangu Januari 2024 gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya eTIMS (mfumo wa serikali wa ankara za kielektroniki), isipokuwa zile chache zilizosamehewa, haikubaliwi na Mamlaka ya Ushuru (KRA) katika kukokotoa faida inayotozwa kodi. Ukiishia hapo umerudia tangazo tu. Lakini ukieleza kwamba kampuni ya useremala inayotozwa asilimia 30, ikimlipa mtu wa kutengeneza mashine shilingi 400,000 bila ankara hiyo, italipa kodi ya ziada ya shilingi 120,000, mwenye karakana atakuelewa mara moja na pengine atamtumia jirani yake maelezo yako. Andika kwa Kiswahili sanifu chepesi, maana wanaoeleza mambo haya kwa lugha yetu ni wachache mno, na jambo hilo linanisikitisha kila msimu wa kodi unapofika. Kabla ya kuchapisha, soma kifungu chenyewe cha sheria, kisha utaje mwaka wake. Ukigundua umekosea, sahihisha hadharani, palepale chini ya maelezo ya awali.

Jiepushe kabisa na kuwaambia watu wanunue hisa fulani au wauze dhamana fulani. Kutoa ushauri wa uwekezaji ni kazi inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kijana anayesoma maneno yako huenda akaweka akiba yake yote humo kwa kukuamini. Kueleza jinsi mnada wa hati za serikali za siku 91, ambazo serikali huuza ili kukopa fedha, unavyoendeshwa ni elimu. Kumwambia mtu aweke fedha zake humo ni jambo jingine.

Andiko moja kwa wiki mbili linatosha. Katika wasifu wako usijiite mtaalamu wa fedha; sema ni mhasibu msaidizi, utaje kazi unayoifanya na unachojifunza sasa. Wanaouliza maswali chini ya maandishi yako uwajibu kwa heshima, na lisilo katika uwezo wako uwaelekeze kwa aliye na ujuzi. Mialiko ya semina isikukoseshe usingizi.

SWALI: Mshauri, nimemaliza mitihani yote ya CPA, yaani ya uhasibu wa kitaalamu, lakini bado sijajisajili. Je, naweza kuandika CPA mbele ya jina langu kwenye LinkedIn? — Msomaji, Kasarani

JIBU: La, ndugu yangu. KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu iliyoanzishwa mwaka 1969, hutahini tu. Anayesajili wahasibu ni ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, na Sheria ya Wahasibu ya 2008 inawawekea hadhi ya CPA wale waliosajiliwa. Kwa sasa andika kwamba umehitimu mitihani ya CPA ya KASNEB na kwamba usajili haujakamilika, kisha uanze kuandaa maombi yako. Mwajiri makini anaweza kuuliza ICPAK kama jina lako limo katika orodha yao.