Ngalawa inayokimbia kwenye simu moja na kutambaa kwenye nyengine

SWALI: Assalamu alaikum kaka. Niko Chake Chake, natengeneza gemu la ngalawa kwa Godot (programu ya kutengenezea gemu), peke yangu, nikitoka skuli. Mchezaji anatoka bandari ya Wesha kwenda kisiwa cha Misali huku akikwepa miamba. Kila fremu (picha moja inayochorwa kwenye kioo) ngalawa inasogea kwa kasi niliyoiweka pikseli 5, yaani nukta 5 za kioo, na kidole kikiachia kioo naizidisha kasi kwa 0.98 ili ipungue. Kwenye simu yangu mambo mazuri. Kwa binamu yangu, mwenye kioo cha 120 Hz (fremu 120 kwa sekunde), inakimbia mara mbili. Kwenye simu ya zamani ya mama inatambaa. Nirekebishe vipi? Na je, nimalize kwanza hatua zote 20 za gemu nilizopanga ndipo niwape watu wacheze?

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Simu zote tatu ni nzima. Msimbo wako ndio unaohesabu fremu badala ya kuhesabu muda. Simu yako inachora fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo ngalawa inakwenda pikseli 300. Ya binamu inachora 120, inakwenda 600. Ya mama ikielemewa ikashuka hadi 30, inakwenda 150 tu.

Godot inakupa delta, yaani sekunde zilizopita tangu fremu iliyotangulia. Weka kasi iwe 300 kwa sekunde, kisha kila fremu isogeze ngalawa kasi mara delta. Kwenye fremu 60 utapata 5 ile ile, kwenye 120 utapata 2.5, kwenye 30 utapata 10. Sekunde ikiisha, zote zimekwenda 300.

Wengi huishia hapo, wakaacha nusu ya tatizo. Iangalie ile 0.98. Kwenye fremu 60, sekunde moja baada ya kidole kuondoka, ngalawa imebakiwa na kama asilimia 30 ya kasi yake. Kwenye fremu 120 imebakiwa na asilimia 9 hivi. Binamu yako atadhani ngalawa inapita kwenye uji. Na usiizidishe 0.98 kwa delta, maana ngalawa itasimama papo hapo. Andika kasi *= pow(0.98, delta * 60), yaani 0.98 kwa kipeo cha delta mara 60, ili kipeo ndicho kifuate muda.

Ukishafika hapo litazuka jengine. Simu dhaifu ikichelewesha fremu kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ngalawa itaruka pikseli 30 kwa mpigo. Chombo kikiwa kidogo na mwamba mwembamba, kitachomoza ng'ambo bila ya kugusana nao. Kwa hiyo usibadilishe mahali pa ngalawa kwa mkono. Ifanye CharacterBody2D (aina ya kitu cha Godot kinachogongana na vyengine), mwendo wake uuweke ndani ya _physics_process, sehemu ya msimbo ambayo kwa kawaida hurudiwa hatua 60 kwa sekunde kioo kiwe cha aina gani, na uisogeze kwa move_and_slide, ambayo hukagua njia nzima inayopitwa. Hadhari: move_and_slide inazidisha kwa delta yenyewe. Ukizidisha tena, ngalawa itakuwa kama imetia nanga. Ni kweli kwamba ndani ya _physics_process hatua zote ni sawa na hata 0.98 yako tupu ingefaa, lakini mimi bado naandika pow, kwa sababu siku nikipunguza hatua ziwe 30 ili kuipumzisha betri sitaki kuanza kuhesabu upya.

Yuko mtu ambaye kasoro ya namna hii ilimfaa. Mjapani Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders, gemu la kupiga maadui kutoka angani, mwaka 1978, mashine ilikuwa inachora haraka zaidi kila maadui walivyopungua, nao wakazidi kukimbia. Akaiacha hivyo, na mchezo ukanoga. Lakini yeye alijua mashine yake itakwenda vipi. Wewe una simu za kisiwa kizima.

Kuhusu hatua 20: hapana. Maliza moja. Tena umekaa juu ya mali huioni: upepo. Ukielekea Misali kutoka Wesha uso uko magharibi, kaskazi inakupiga ubavu wa kulia, kusi wa kushoto. Njia ile ile, miamba ile ile, badilisha msimu tu na mchezaji anapaswa kujifunza upya. Mistari michache ya msimbo, wala hakuna picha mpya ya kuchora.

Kisha mpe simu mtu barazani na unyamaze. Usimwambie abonyeze wapi. Angalia gumba lake linatua wapi na kama linaziba mwamba unaokuja. Fanya hivyo saa saba mchana, nje, maana tanga jeupe juu ya bahari ya samawati hafifu halionekani juani hata kidogo, na ndani ya nyumba hutaligundua hilo.

Kabla ya barza, jipime mwenyewe. Kwenye kompyuta zima V-Sync (inayofungamanisha fremu na kioo), weka Engine.max_fps, yaani kikomo cha fremu kwa sekunde, iwe 30, chukua saa, na uhesabu sekunde kutoka Wesha hadi Misali bila ya kugusa kitu njiani. Rudia kwa 60, halafu 120. Kisha fanya jaribio jengine la kuachia kidole katikati ya safari. Jaribio la kwanza likilingana kwa 30, 60 na 120, lakini hili la pili lisilingane, usihangaike na mwendo, rudi kwenye mstari wa 0.98.